Je, Wajua? Pinboli Imeingia Sebuleni

Je, wajua kwamba gololi ya mashine halisi ya pinboli ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi, ilhali ile ya mashine ya skrini haina uzito hata kidogo? Ukiitazama mashine ya skrini kwa mbali huwezi kuitofautisha na ile halisi: sanduku refu lenye miguu minne, kioo juu, kitufe kimoja ubavu wa kulia na kingine ubavu wa kushoto. Tofauti iko chini ya kioo. Pale palipokuwa na ubao, misumari, raba na taa, sasa imelazwa skrini, na kompyuta inapiga hesabu gololi ingekuwa wapi lau ingekuwa ya chuma kweli. Programu ya Visual Pinball, iliyotolewa na Randy Davis mwaka 2000, hupiga hesabu hiyo mara 1,000 kila sekunde. Mtoto hana habari na hesabu. Anaona gololi inamjia, anabonyeza, inapaa.

Je, wajua kwamba mchezo huu uliitangulia balbu ya Edison? Balbu yake ni ya 1879. Mwaka 1871, Montague Redgrave, Mwingereza aliyekuwa akiishi Cincinnati nchini Marekani, alipewa hataza ya kufunga kifyatuzi cha springi kwenye ubao wa bagatelle, mchezo uliopendwa Ulaya tangu karne ya 18. Kabla ya hapo gololi ilisukumwa kwa fimbo. Kile kirungu cha kuvuta bado kinawekwa mbele ya mashine za leo, hata zile ambazo ndani yake hakuna cha kurushwa.

Je, wajua kwamba mashine ya kwanza ya pinboli kuuzika kwa wingi iligharimu dola 17.50? Ni Baffle Ball ya David Gottlieb, iliyotengenezwa Chicago mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Ziliuzwa zaidi ya 50,000. Kwa senti moja mtu alipata gololi kadhaa na dakika chache za kusahau shida. Mmoja wa waliokuwa wakiziuza, Raymond Moloney, alichoka kusubiri mzigo, akatengeneza yake mwaka 1932 na kuiita Ballyhoo. Jina la kampuni ya Bally limetoka hapo.

Je, wajua kwamba pinboli iliishi miaka mingi bila flipa? Flipa ni vile vipigio viwili vya chini ambavyo leo ndivyo mchezo wenyewe. Hadi 1947 mchezaji alifyatua, akaitikisa mashine kidogo, kisha akabaki kutazama. Mwaka huo Harry Mabs wa kampuni ya Gottlieb aliweka flipa sita kwenye mashine ya Humpty Dumpty, tatu kila upande. Mwaka uliofuata Steve Kordek wa Genco akatumia mbili tu, akaziweka chini kabisa, katika mashine ya Triple Action. Wazo hilo la flipa mbili za chini halijapitwa, na karibu mashine yoyote utakayomnunulia mwanao italifuata.

Je, wajua kwamba New York ilipiga marufuku pinboli kwa miaka 34? Meya Fiorello La Guardia aliiona kuwa kamari inayowaibia watoto wa shule, na kuanzia Januari 1942 polisi walikamata mashine kwa maelfu na kuzivunja kwa nyundo. Angalia mwaka: marufuku ilikuja miaka mitano kabla ya flipa. La Guardia alikuwa anaupiga vita mchezo ambao kweli ulitegemea bahati kwa sehemu kubwa. Flipa zilipokuja, mchezo ukawa wa ustadi, lakini sheria ikabaki palepale.

Ilichukua hadi 1976. Roger Sharpe, mwandishi kijana aliyeijua pinboli kwa vidole na kwa maandishi, aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Jiji kuonyesha kwamba mtu anaweza kuamua gololi iende wapi. Zililetwa mashine mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya akiba, na mjumbe mmoja mwenye shaka akataka atumie ile ya akiba. Sharpe alicheza. Mwishoni akawaambia kwamba atavuta kifyatuzi na gololi itapita njia ya katikati. Akavuta, ikapita katikati. Baadaye mwenyewe amesema bahati ilimshika mkono, lakini wajumbe walikuwa wameona vya kutosha na marufuku ikaondolewa.

Nimekikalia kisa hiki kwa sababu mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa akiona sanduku lenye taa na pointi zinazopanda, jambo la kwanza linalomjia ni mashine za kamari za vibandani, zile ambazo Watanzania wengi huziita dubwi. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini pinboli ya nyumbani haina tundu la sarafu na haitoi pesa. Kinachopatikana ni pointi, na pointi hazinunui kitu.

Je, wajua kwamba milisekunde 50 zinatosha kuiharibu mashine nzima? Flipa ya kawaida ina urefu wa inchi 3, yaani sentimita 7.6. Gololi inayoteremka kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde husafiri sentimita 10 ndani ya milisekunde 50. Kwa hiyo, ikiwa kati ya kidole kubonyeza na flipa kuinuka kwenye skrini panapita muda huo, gololi imeshamaliza urefu wote wa flipa na zaidi. Mtu mzima hujirekebisha, akaanza kubonyeza mapema bila kujijua. Mtoto hafanyi hivyo. Yeye husema mashine haimsikii, akaondoka. Tena yuko sahihi.

Ucheleweshaji huo una vyanzo kadhaa. Runinga nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na mapambo hayo hula muda. Ndiyo maana runinga za kisasa zina mpangilio wa michezo unaoyazima. Kompyuta dhaifu huchelewa kuchora. Vitufe visivyo na waya huongeza kidogo. Skrini yenyewe ina mwendo wake: ya hezi 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, ya hezi 120 kila baada ya 8.3. Muuzaji atakutajia idadi ya michezo, rangi na ukubwa wa spika. Wewe muulize hezi, kisha omba kucheza.

Kipimo ni rahisi. Inua flipa moja na uishikilie, acha gololi ije itulie juu yake. Legeza, iteremke taratibu kuelekea ncha, kisha piga. Rudia mara nyingi, ukipiga ikiwa imefika sehemu ileile. Kama gololi inakwenda upande uleule kila mara, mashine ni nzima na mtoto atajifunza kulenga. Kama kila mara inakwenda kwingine, hata ingekuwa na michezo mia ndani yake usiibebe. Watengenezaji huita kila mchezo mmoja meza, nami nitafanya vivyo hivyo.

Wajua pia kwamba flipa halisi huendeshwa na koili yenye nyaya za aina mbili? Wa kwanza una nguvu nyingi na huirusha flipa juu kwa kishindo. Ikifika juu, kazi inahamia kwa wa pili, wenye nguvu ndogo, ambao huishikilia bila koili kuungua hata kama mchezaji hataki kuachia kitufe. Kile kishindo hupita kwenye ubao hadi viganjani. Watengenezaji wazuri wa mashine za skrini wanalijua hilo, ndiyo maana hufunga koili ndogo au mota za mtetemo ndani ya sanduku, karibu na vitufe. Bila mtetemo huo ni sawa na kubonyeza rimoti. Mashine ikiwa na mtetemo wa kweli, hata mgeni ambaye hajawahi kucheza huelewa mara moja kidole chake kimefanya nini.

Je, wajua kwamba ubao wa mashine halisi ya kawaida una upana wa sentimita 51 na urefu wa 107 hivi? Hakuna runinga yenye umbo hilo. Skrini ya inchi 43 ikilazwa inatoa sentimita 53 kwa 95, ambayo ni karibu sana na ubao halisi. Ya inchi 32 inatoa 40 kwa 71. Ya inchi 24 inatoa 30 kwa 53. Kwa mtu mzima aliyezoea mashine za ukumbini, inchi 24 ni ndogo. Kwa mtoto wa miaka saba ni dunia nzima, na mikono yake inafika pande zote mbili bila kujinyoosha. Nyumba ikiwa na watoto wadogo tu na sebule ni finyu, sioni sababu ya kulipia inchi 43.

Na je, wajua kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kuwa anaona mchezo tofauti na unaouona wewe? Kioo cha mashine halisi kiko sentimita 90 hivi kutoka sakafuni, na mashine nyingi za skrini zenye ukubwa kamili hufuata kipimo hicho. Mtoto wa miaka sita ana urefu wa sentimita 115 au hapo karibu, macho yake yako kwenye 105. Anatazama kioo karibu kwa ubapa. Kwenye mashine halisi hilo lingemfichia sehemu tu. Kwenye skrini linaleta tatizo jingine, kwa kuwa picha imechorwa kwa ajili ya jicho lililo mahali fulani juu, na ukiitazama kutoka chini, njia na kona zinaonekana zimepinda. Baadhi ya programu, Visual Pinball ikiwemo, zinakuruhusu kubadilisha mahali pa jicho. Kigoda kipana kisichoyumba hufanya kazi hiyo pia. Kiwe na raba chini, na kiwe kipana kuliko mguu unavyohitaji, maana mtoto akinogewa haangalii anakanyaga wapi.

Sanduku nalo lifungwe ukutani kama kuna mtoto anayependa kupanda vitu. Mashine halisi ina kilo 110 hivi na si rahisi mtoto kuiangusha. Za skrini ni nyepesi zaidi, hasa zile ndogo, na kile kichwa chake cha nyuma huvuta uzito juu.

Je, wajua kuhusu timazi iliyofichwa ndani ya kila mashine halisi? Tangu mwanzo wachezaji walizitikisa, wakaziinua, wakazipiga ngumi gololi ielekee wanakotaka. Miaka ya 1930 Harry Williams alibuni dawa yake. Katika mashine zilizofuata ikawa ni timazi inayoning'inia ndani ya pete ya chuma. Tikisa kidogo, inayumba tu. Tikisa kwa nguvu, inagusa pete, umeme unapita, flipa zinakufa na gololi unaiaga. Mashine nyingi za skrini hazina timazi, zina kihisi mwendo cha aina ileile iliyomo kwenye simu yako. Kinaweza kurekebishwa. Kwa watoto kilegeze kwanza, wajifunze kwamba kusukuma kidogo ni sehemu ya mchezo, kisha kikaze taratibu kadiri wanavyokua. Mashine isiyohisi msukumo kabisa imepoteza nusu ya utamu wake, na kwenye orodha yangu inashuka chini sana.

Je, wajua kwamba meza za zamani huwafaa watoto kuliko mpya? Wengi hudhani kinyume. Meza za miaka ya 1960 na 1970 zina mambo machache yanayoonekana: angusha vibao vyote hivi, washa taa ile, pita njia ile. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa kwa kutazama. Meza za miaka ya 1990 zina hadithi, kazi za kukamilisha, maelezo yanayopita kwenye kioo kidogo, gololi tatu au nne zinazotoka kwa pamoja. Ni nzuri mno, nami nazipenda, ila zinamtaka mchezaji ajue kinachoendelea. Zina kitu kimoja kinachowafaa wanaoanza: ukipoteza gololi ndani ya sekunde chache za mwanzo, nyingi hukurudishia bila kukuhesabia.

Zamani mchezo mmoja ulikuwa wa gololi tano. Leo kawaida ni tatu. Programu ikikupa nafasi ya kuchagua, chagua tano.

Je, wajua kwamba kuna pinboli ya Alfu Lela Ulela? Kampuni ya Williams iliitoa mwaka 1996 kwa jina la Tales of the Arabian Nights, kazi ya mbunifu John Popadiuk. Katikati ya ubao amesimama jini, na karibu yake kuna taa ya Aladini inayozunguka gololi inapoipiga. Mchezaji anakwenda hadithi moja baada ya nyingine hadi amkomboe binti mfalme. Zen Studios ya Budapest, nchini Hungaria, imeitengenezea toleo la skrini, na katika nyumba ambayo visa vya Sinbadi vinajulikana sioni meza nzuri zaidi ya kuanzia hadithi za pinboli. Fish Tales ya mwaka 1992 nayo ina wavuvi na samaki wanaozidi ukubwa kila wanaposimuliwa. Watoto wa pwani hawahitaji kuelezwa.

Zen Studios hiyohiyo, mwaka 2023, ilitoa mkusanyiko uitwao Pinball M. Huo ni wa kutisha na wa watu wazima, wenye damu na wauaji. Jina linafanana sana na Pinball FX, ambao ndani yake kuna meza nyingi za familia. Soma herufi ya mwisho kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba meza inaweza kuondoka sokoni kwa sababu ya mkataba? Kampuni ya FarSight Studios ilikuwa na haki za kuuza matoleo ya skrini ya meza za Williams na Bally katika programu yake ya The Pinball Arcade. Haki hizo ziliisha tarehe 30 Juni 2018, na meza hizo zikaondolewa dukani. Waliokuwa wamezinunua walibaki nazo. Waliochelewa walikuta rafu tupu. Miezi michache baadaye zikaanza kurudi, safari hii mikononi mwa Zen Studios, na mtu aliyezitaka huko alizilipia upya. Kwa mnunuzi wa mashine ya nyumbani maana yake ni kuuliza maswali mawili. Meza zipi zimo ndani ya mashine yenyewe? Na intaneti ikizimwa, zipi zinabaki? Familia inayonunua bando kwa siku haipaswi kugundua jibu la swali la pili mashine ikiwa imeshafika nyumbani.

Je, wajua kwamba mashine halisi mpya kutoka kwa Stern, kampuni kubwa ya pinboli karibu na Chicago, hugharimu maelfu ya dola? Ni bei hiyo iliyowafungulia mlango watengenezaji wa mashine za skrini. Arcade1Up ilitoa mashine zenye skrini ya inchi 24 na meza kumi za Zen Studios ndani yake. Moja ina wahusika wa Marvel, nyingine ya Star Wars, nyingine ina meza za Williams na imepewa sura ya Attack from Mars ya mwaka 1995. Meza kumi kwa watoto si haba: watapenda tatu, wataijua moja hadi kwenye mfupa. AtGames ilikuja na Legends Pinball, yenye skrini ya inchi 32, ambayo inaweza kuongezewa meza na hata kuunganishwa na kompyuta. Hiyo inamfaa mtu anayejua kwamba atataka zaidi baadaye na haogopi kusoma maelekezo. Mashine za kampuni hizi mbili zimekuwa zikiuzwa kuanzia dola mia kadhaa hadi elfu na ushei, kutegemea toleo na duka.

Njia ya tatu ni kujitengenezea: kompyuta, runinga, fundi seremala na Visual Pinball, ambayo ni ya bure. Fundi mzuri atakuchongea sanduku zuri kuliko la dukani, la mninga au mkongo ukipenda. Lakini usiichague njia hii kama mnunuzi mwenyewe hana mapenzi na kompyuta. Programu hii inataka kupangwa meza moja moja, na mtoto aliyeahidiwa kucheza Jumamosi hataelewa kwa nini baba bado anafungua mafaili.

Je, wajua kwamba wazo la kuchanganya pinboli na skrini lilikuja kabla ya mashine hizi zote? Mwaka 1999 Williams ilitoa Pinball 2000: gololi ya chuma kweli, ubao kweli, lakini juu yake runinga ambayo picha yake ilijiakisi kwenye kioo, ikaonekana kama viumbe wamesimama ubaoni na wanapigwa na gololi. Zilitoka mashine mbili tu, Revenge from Mars na ile ya Star Wars. Oktoba mwaka huohuo Williams ikafunga kabisa idara yake ya pinboli.

Je, wajua kwamba mashine ya kwanza ya pinboli kuzungumza ilikuwa na msamiati wa maneno saba? Gorgar, Williams, 1979.

Mwaka huohuo Atari ilitoa Hercules, mashine kubwa kuliko zote zilizouzwa, iliyotumia gololi yenye ukubwa wa mpira mweupe wa pool.

Na ile iliyouzika kuliko zote za zama za kisasa? The Addams Family ya Bally, 1992: mashine 20,270.

Je, wajua kwamba aliyeandika programu ya pinboli ya Nintendo ya mwaka 1984 ni Satoru Iwata, kijana wa HAL Laboratory ambaye mwaka 2002 alikuja kuwa rais wa Nintendo yenyewe? Na kwamba vijana wa Sweden waliotengeneza Pinball Dreams mwaka 1992 ndio kampuni ya DICE iliyokuja kutengeneza mchezo wa Battlefield? Pinboli ya skrini imekuwa chuo cha waandishi wengi wa michezo, kwa sababu inamlazimisha mtu kujua fizikia. Mtoto wako akianza kuuliza kwa nini gololi imerudi kwa pembe ile, usimkimbilie kumjibu. Mwache apige tena aone.

Pokémon Pinball ya Game Boy Color, 1999, ilikuwa na betri yake ndani ya kaseti ya mchezo, kwa ajili ya mtetemo tu. Hata kifaa cha mfukoni kilijua kwamba pinboli bila mtetemo haijakamilika.

Je, wajua kwamba huenda umeshacheza pinboli ya skrini bila kujua una uzoefu? Kama uliwahi kukaa kwenye kafe ya intaneti Kariakoo, Kampala au Nairobi miaka ya Windows XP, ukisubiri barua pepe ifunguke, unaikumbuka 3D Pinball: Space Cadet, ile yenye chombo cha angani na ubao wa buluu uliokaa upande wa kushoto wa dirisha. Ilitengenezwa na Cinematronics ya Marekani na kuuzwa kwanza mwaka 1995 pamoja na nyongeza ya Windows 95. Z ilikuwa flipa ya kushoto na alama ya mkwaju ilikuwa ya kulia. Wengi hawakujua kwamba X na nukta zilitikisa meza. Wachache zaidi walijua kwamba ukiandika maneno "hidden test" mchezo unapoanza, unaweza kuishika gololi kwa kipanya na kuipeleka popote.

Ikatoweka Windows Vista ilipokuja. Mhandisi mmoja wa Microsoft amesimulia kwamba walipojaribu kuihamishia kwenye kompyuta za biti 64, gololi ilianza kupenya vitu kana kwamba havipo, ikazama tangu mwanzo wa mchezo. Msimbo ulikuwa wa kampuni nyingine, hauna maelezo, na hawakuona kosa liko wapi. Wakauacha.

Space Cadet inafundisha jambo moja kuhusu kununua. Ilikuwa meza moja tu, bure, kwenye kompyuta za ofisi na za kafe, na watu wa umri wote waliicheza miaka kadhaa bila kuchoka, kwa kuwa flipa zake ziliitika papo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kutoa mamia ya dola, weka meza ya bure kwenye kompyuta ya nyumbani au simu na uwaachie watoto kwa wiki chache. Watakaoendelea kugombea zamu baada ya hapo ndio unaowanunulia. Mashine nyingi huruhusu wachezaji hadi wanne kwa zamu, na kwa nyumba ya ndugu wengi huo ni mpango mzuri: gololi ikizama, kigoda kinahama, hakuna wa kuamuliwa na mama.

Je, wajua, mwisho, kwamba umeme wa Marekani unaweza kuiua mashine yako siku ya kwanza? Kule ni volti 120. Tanzania ni 230, Kenya ni 240. Mashine nyingi za skrini hutumia adapta inayokubali volti 100 hadi 240 bila shida, na hapo unahitaji kubadilisha plagi tu, pini bapa mbili za Kimarekani ziwe tatu za mstatili. Nyingine hazikubali. Ndugu aliyeko Minnesota anayetaka kuwatumia wapwa zake mashine, kabla ya kuifunga kwenye boksi, asome kibandiko cha adapta na apige picha aitume. Pakiwa pameandikwa 120V peke yake, anayepokea anunue transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa hapo. Na kwa kuwa ndani kuna kompyuta isiyopenda kuzimika ghafla, aweke na UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, kitakachomwachia dakika chache za kuizima kwa utaratibu umeme ukikatika mchezo ukiwa umekolea.